Hatari iliyokuwa mlangoni: Wamarekani walibishania nini alipouawa Soleimani

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 3 Januari 2020, ndege ya abiria iliyotoka Damascus ilitua Baghdad. Kati ya walioshuka alikuwamo mwanaume wa miaka 62 mwenye ndevu zilizojaa mvi. Alipokewa na Abu Mahdi al-Muhandis, naibu mkuu wa Hashd al-Shaabi, muungano wa wanamgambo wa Iraq. Msafara wa magari mawili ukashika barabara ya kutokea uwanja wa ndege. Haukufika mbali. Makombora ya ndege isiyo na rubani, aina ya MQ-9 Reaper, yaliyalipua magari yote mawili na watu 10 wakafa. Picha moja ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu: mkono uliojaa masizi, na kidoleni pete yenye jiwe kubwa jekundu. Waliozoea kumwona kwenye picha za vita vya Syria na Iraq waliitambua pete ile. Qassem Soleimani, kamanda wa Kikosi cha Quds cha Iran, alikuwa ameuawa. Muda si mrefu Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikathibitisha kwamba aliyetoa amri ni Rais Donald Trump.

Huku kwetu habari ile ilipokewa kama mechi. Huyu Iran, yule Marekani, na kila mmoja akashangilia au akalaani kulingana na upande alioushika tangu zamani. Ubishi wa Washington ulikuwa mwingine kabisa, na ndio ninaotaka kuufumua hapa. Karibu hakuna mwanasiasa wa Marekani, wa chama chochote, aliyemlilia Soleimani. Walichogombania ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba kiongozi wa jeshi la nchi nyingine auawe, anatakiwa awe na sababu gani, na sababu hiyo amwonyeshe nani.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha mkoa wa Kerman, akaingia Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi baada ya mapinduzi ya 1979, akapigana vita vya miaka 8 dhidi ya Iraq ya Saddam Hussein. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikabidhiwa Kikosi cha Quds, tawi la Walinzi linaloshughulikia kazi za nje ya nchi. Kazi hizo zilikuwa kulea, kufundisha na kuvipa silaha vikundi rafiki: Hezbollah huko Lebanon, wanamgambo wa Kishia Iraq, na baadaye wapiganaji waliokwenda kumwokoa Bashar al-Assad alipokuwa anaelemewa Syria. Wamarekani wanamkumbuka zaidi kwa mabomu ya barabarani. Kulikuwa na aina moja ya bomu lenye sahani ya shaba mdomoni; bomu likilipuka, sahani ile hujikunja ikawa kama risasi nene inayopenya chuma cha gari la deraya. Mwaka 2019 Pentagon ilisema wanajeshi wake 603 waliouawa Iraq kati ya 2003 na 2011 walikufa mikononi mwa vikundi vilivyosaidiwa na Iran. Askari hao wana wazazi, wajane na watoto, na uchungu wao usichukuliwe kuwa propaganda.

Mtu huyohuyo, mwaka 2014, kundi la Dola la Kiislamu lilipouteka Mosul, alionekana mstari wa mbele pamoja na wanamgambo waliokuwa wakipigana ardhini huku ndege za Marekani zikilipiga kundi hilohilo kutoka angani. Katika mji wa Amerli pande mbili hizo zilimpiga adui mmoja bila kusalimiana. Kwa watu wa Aleppo, mji wa Syria uliopigwa na upande wa Assad, jina lake lilikuwa na maana nyingine tena, na kwa vijana wa Iraq walioandamana tangu Oktoba 2019 na kuuawa kwa mamia, lilikuwa na maana nyingine. Wako waliocheza barabarani Baghdad waliposikia amekufa. Wako pia mamia ya maelfu waliofurika barabara za Ahvaz, Mashhad, Tehran na Kerman wakimlilia.

Mnyororo uliofikisha mambo kwenye barabara ile ni mfupi. Mei 2018 Trump aliitoa Marekani kwenye mkataba wa nyuklia na Iran wa 2015 na kurudisha vikwazo. Aprili 2019 aliwaweka Walinzi wa Mapinduzi kwenye orodha ya makundi ya kigaidi; Marekani haikuwa imewahi kulitia humo jeshi rasmi la dola nyingine. Juni, Iran ikatungua ndege ya upelelezi ya Marekani isiyo na rubani, Trump akaamuru kulipiza kisasi kisha akaghairi dakika za mwisho. Tarehe 27 Desemba maroketi yaliipiga kambi ya K-1 karibu na Kirkuk na kumuua mkalimani mmoja, raia wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi na jeshi kwa mkataba. Siku mbili baadaye Marekani ikashambulia kambi tano za Kata'ib Hezbollah, kundi la wanamgambo wa Iraq linalosaidiwa na Iran ambalo ililishutumu kwa maroketi hayo, tatu Iraq na mbili Syria, wapiganaji wapatao 25 wakafa. Tarehe 31 wafuasi wa kundi hilo, wakitoka kuwazika wenzao, walivamia lango la ubalozi wa Marekani Baghdad na kuchoma sehemu ya mapokezi. Siku tatu baadaye Soleimani naye akauawa.

Sasa tufike kwenye neno lililoubeba ubishi wote.

Taarifa ya kwanza ya Pentagon ilisema Soleimani alikuwa akipanga kuwashambulia wanadiplomasia na wanajeshi wa Marekani, na kwamba shambulio lile lilikusudiwa kuizuia Iran isijaribu tena siku za usoni. Kutisha ili mtu asirudie ni hoja ya kisiasa, na inaweza kuwa ya busara, lakini kisheria haikubebi mbali. Waziri wa Mambo ya Nje, Mike Pompeo, ndiye aliyesimama asubuhi ileile akasema shambulio lilikuwa karibu mno, liko mlangoni (kwa Kiingereza, imminent), na maisha ya Wamarekani wengi yameokolewa.

Kwa nini kulihangaikia neno hilo? Kwa sababu Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaikataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine isipokuwa kwa idhini ya Baraza la Usalama au kwa kujihami, na Ibara ya 51 inazungumzia kujihami nchi inaposhambuliwa. Wanaosema unaweza kujihami hata kabla hujapigwa wanategemea kisa cha zamani, cha meli iitwayo Caroline. Mwaka 1837 Waingereza waliokuwa wakitawala Kanada waliivamia meli hiyo upande wa Marekani, kwa kuwa ilikuwa ikiwapelekea waasi silaha, wakaichoma moto na kuiachia ielee kuelekea maporomoko ya Niagara. Katika barua zilizofuata, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani Daniel Webster aliweka kipimo ambacho wanasheria wanakinukuu mpaka leo: haja ya kujihami iwe ya papo hapo, iliyokulemea, isiyokuachia njia nyingine wala nafasi ya kutafakari.

Kwa lugha ya kijijini ni hivi. Ukimkuta mtu ameinua panga juu ya kichwa chako, hakuna baraza la wazee litakalokulaumu ukimpiga kwanza. Ukimfuata nyumbani kwake usiku kwa sababu alikukata mwaka juzi, na huenda panga analinoa tena, hiyo ni kesi nyingine. Serikali ya Trump ilidai kesi ya kwanza. Kila siku iliyopita, maelezo yake yaliifanya ifanane zaidi na ya pili.

Tarehe 9 Januari Pompeo aliulizwa kwenye televisheni. Alisema mashambulio yalikuwa karibu, kisha akaongeza kwamba hawakujua hasa lini wala wapi, ila yalikuwa ya kweli. Siku iliyofuata Trump alisema anaamini balozi nne zingelengwa. Mimi ninapoandika kutoka Afrika Mashariki siwezi kuipita kauli hiyo kwa wepesi. Tunajua ubalozi ukilipuliwa maana yake nini. Tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam, walikufa zaidi ya watu 200, na wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Kama kweli kulikuwa na ushahidi wa balozi nne, basi kulikuwa na jambo zito sana. Lakini tarehe 12 Waziri wa Ulinzi wa Trump mwenyewe, Mark Esper, aliulizwa kama ameuona ushahidi huo, akajibu kwamba hakuuona kuhusu balozi nne, ila anaafikiana na hisia ya rais. Kesho yake Trump akaandika kwamba kuwa karibu au kutokuwa karibu kwa shambulio hakujalishi, kwa sababu ya mambo mabaya aliyoyafanya Soleimani zamani.

Kisha magazeti ya Marekani yakafichua kwamba usiku uleule jeshi lilijaribu kumuua kamanda mwingine wa Kikosi cha Quds aliyekuwa Yemen, likamkosa. Kama lengo lilikuwa kukata njama moja iliyokuwa inafikia mwisho Baghdad, wa Yemen alitakiwa kwa nini? Na hatimaye, tarehe 14 Februari, Ikulu ya White House ilipeleka bungeni karatasi fupi ya maelezo ya kisheria ambayo sheria iliilazimisha kuitoa. Niliisoma nikilitafuta neno lile. Halimo. Mashambulio yaliyopita yametajwa, haja ya kuizuia Iran imetajwa, lakini hatari iliyokuwa mlangoni, ile iliyotangazwa kwa dunia nzima tarehe 3 Januari, haikuandikwa.

Hapo ndipo palipo na uzito wa sheria ya ndani. Katiba ya Marekani inalipa Bunge uwezo wa kutangaza vita na inamfanya rais kuwa amiri jeshi mkuu. Kati ya maneno hayo mawili kuna pengo ambalo marais wamelipanua kwa miaka zaidi ya 200. Mwaka 1973, baada ya Vietnam, Bunge lilipitisha Sheria ya Mamlaka ya Vita, likabatilisha hata kura ya turufu ya Richard Nixon: rais akiingiza majeshi kwenye mapigano lazima alitaarifu Bunge ndani ya saa 48, na asipopata idhini ndani ya siku 60 ayatoe. Trump alipeleka taarifa tarehe 4 Januari, ndani ya muda, ila yote ilikuwa ya siri, na wananchi hawakuruhusiwa kusoma hata mstari. Kwa idhini, serikali yake ilitegemea mamlaka ya rais ya kikatiba pamoja na sheria ya 2002, ile iliyompa George W. Bush ruhusa ya kumwendea Saddam Hussein. Saddam alinyongwa mwaka 2006. Sheria iliyotungwa kwa ajili yake ikatumika kumuua jenerali wa nchi iliyokuwa adui yake mkubwa.

Upande mwingine wa ubishi ulihusu jina la kitendo. Kiswahili hutumia kuua kwa yote, kisha tunaeleza: kuua vitani, kuua kwa kuvizia, kuua kwa njama. Kiingereza kina neno mahususi la kumuua mkubwa kwa sababu za kisiasa, assassination, na kitendo hicho serikali ya Marekani imekatazwa tangu 1976, kwa amri ya Rais Gerald Ford. Ronald Reagan akalirudia katazo hilo katika amri yake namba 12333 ya mwaka 1981, inayotumika hadi leo. Kwa hiyo maseneta Bernie Sanders na Elizabeth Warren walipoliita tukio la Baghdad kwa neno hilo, walikuwa wanadai kwamba rais amevunja katazo. Michael Bloomberg, aliyekuwa akiwania urais kupitia chama chao hichohicho cha Democratic, alimshutumu Sanders kwa kulitumia. Warren naye alisakamwa: taarifa yake ya kwanza ilikuwa imemwita Soleimani muuaji, na Warepublican na watu wa mrengo wa kushoto wa chama chake wakamvuta kila upande.

Chimbuko la katazo hilo lina damu ya kwetu. Mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilichunguza njama za CIA za kuwaua viongozi wa nje. Fidel Castro alikuwamo, na Patrice Lumumba alikuwamo. Kamati ilieleza jinsi mkemia wa shirika hilo alivyobeba sumu hadi Leopoldville mwaka 1960, na maelekezo ya namna ya kuitia kwenye chakula chake au dawa ya meno. Sumu haikutumika. Lumumba alipigwa risasi tarehe 17 Januari 1961 karibu na Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani, na waliompiga walikuwa askari wa Katanga mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Kamati haikupata ushahidi kwamba CIA ndiyo iliyotekeleza, lakini ilipata ushahidi kwamba ilikusudia. Amri ya Ford ilizaliwa katika aibu hiyo.

Tatizo ni kwamba amri hizo hazikueleza neno lenyewe lina mipaka gani. Wanasheria wa serikali, wa vyama vyote viwili, wakaamua kwamba kumuua kamanda vitani au kwa kujihami hakumo katika katazo. Mfano wanaoupenda ni Isoroku Yamamoto, amirali wa Japan aliyepanga shambulio la Pearl Harbor. Aprili 1943 Wamarekani walinasa ratiba ya safari yake, wakatuma ndege za kivita kumvizia juu ya kisiwa cha Bougainville, wakaitungua ndege yake. Hakuna aliyeuliza maswali. Lakini Marekani na Japan zilikuwa vitani rasmi, na Bunge lilikuwa limepiga kura. Marekani na Iran mwaka 2020 hazikuwa hivyo, na aliyeuawa alikuwa ofisa wa dola iliyo mwanachama wa Umoja wa Mataifa, si mkimbizi aliyejificha pangoni. Osama bin Laden na Abu Bakr al-Baghdadi hawakuwa na bendera wala kiti New York. Tofauti hiyo ilipigwa teke katika mabishano ya televisheni, na naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote.

Basi vyama viligawanyikaje? Warepublican walio wengi walisema gaidi amekufa, damu ya Wamarekani imelipwa, na rais aliyemaliza kazi ambayo wenzake waliiogopa anastahili shukrani. Nikki Haley, aliyekuwa balozi wa Trump Umoja wa Mataifa, alidai kwamba wanaomwombolezea Soleimani ni viongozi wa Democratic peke yao. Mbunge Doug Collins alisema Wademocrat wanawapenda magaidi. Siku mbili baadaye aliomba radhi. Upande wa pili, Spika Nancy Pelosi aliliita shambulio lile la uchokozi na lililopita kiasi, na Joe Biden akasema Trump ametupa baruti kwenye nyasi kavu. Tukumbuke pia wiki zenyewe zilikuwa zipi: Baraza la Wawakilishi lilikuwa limemshtaki Trump tarehe 18 Desemba, kesi yake Seneti ikisubiri. Wademocrat wengi waliona amri ile kuwa njia ya kubadilisha mazungumzo. Warepublican waliona kila swali kuwa mwendelezo wa mashtaka. Katika hali hiyo, swali la kweli kuhusu ushahidi lilionekana kama tusi.

Wademocrat nao hawakuwa na mikono misafi, na hapa nasema wazi kwa sababu makala nyingi zilizowapinga Warepublican ziliruka ukurasa huu. Mwaka 2011 Barack Obama aliipiga Libya zaidi ya siku 60 bila idhini ya Bunge. Wanasheria wake wakatoa hoja kwamba yale hayakuwa mapigano kwa maana ya sheria ya 1973. Warepublican walipiga kelele za Katiba, Wademocrat wengi wakatazama pembeni. Septemba mwaka uleule ndege isiyo na rubani ilimuua Anwar al-Awlaki huko Yemen, raia wa Marekani ambaye hakuwahi kupelekwa mahakamani. Na waraka wa Wizara ya Sheria uliovuja Februari 2013 ulieleza kwamba hatari kuwa karibu hakuhitaji ushahidi wa wazi kwamba shambulio fulani litatokea hivi punde. Isome tena sentensi ya Pompeo ya kutojua lini wala wapi. Mlango alioupitia ulifunguliwa na wanasheria wa Obama, na wengi wa Wademocrat waliokuwa wakimlaani Januari 2020 hawakuwa wamesema kitu ulipofunguliwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ndiyo maana nawapa uzito wachache waliosema jambo moja chini ya marais wawili. Seneta Rand Paul, Republican wa Kentucky, alisimama Seneti karibu saa 13 mwezi Machi 2013 kupinga mauaji ya ndege hizo chini ya Obama; mwaka 2020 alimpinga Trump. Tim Kaine, Democrat wa Virginia, alikuwa akimdai Obama idhini ya Bunge kwa vita dhidi ya Dola la Kiislamu, ingawa alikuwa rais wa chama chake.

Na yuko Elissa Slotkin. Alikuwa mchambuzi wa CIA, alitumwa Iraq mara tatu, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwafuatilia wanamgambo wa Soleimani. Alimjua mtu huyu kwa faili, kwa sauti, kwa idadi ya jeneza. Mwaka 2020 alikuwa mbunge mgeni wa Democratic kutoka jimbo la Michigan. Siku ya kifo alieleza kwamba amefanya kazi chini ya Bush na chini ya Obama, na kwamba swali la kumuua Soleimani liliwahi kuzingatiwa pande zote mbili. Kilichowazuia ni hesabu: je, pigo hilo lina thamani ya kisasi kitakachofuata, na ya vita virefu vinavyoweza kuzuka? Serikali mbili za vyama viwili zilijibu hapana. Slotkin ndiye aliyeupeleka bungeni muswada wa azimio la kumtaka Trump asiendelee na vita dhidi ya Iran bila idhini. Hoja yake ndiyo ninayoikubali. Haikudai Soleimani alikuwa mwema, wala haikudai Trump hakuwa na haki ya kuwalinda askari wake. Ilidai kwamba uamuzi wenye uzito wa vita uamuliwe na wale ambao Katiba imewapa kazi hiyo, mchana, kwa majina yao.

Tarehe 8 Januari maseneta waliitwa kwenye kikao cha faragha kusikiliza ushahidi. Walikuja Pompeo, Esper, mkuu wa wanadhimu Jenerali Mark Milley na mkuu wa CIA Gina Haspel. Kikao kilichukua saa moja na robo hivi. Mike Lee, Republican wa Utah ambaye hakuwa na tatizo na kifo cha Soleimani chenyewe, alitoka humo amewaka. Mbele ya kamera alisema hakuwahi kupata maelezo mabovu kama yale kuhusu jambo la kijeshi katika miaka yake 9 ya useneta. Kilichomkera zaidi ni kuambiwa kwamba Bunge likijadili vita hadharani litaipa Iran moyo. Aliingia akiwa bado anapima, akatoka akisema atauunga mkono muswada kama ule wa Slotkin, ulioletwa Seneti na Kaine.

Kesho yake Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la Slotkin kwa kura 224 dhidi ya 194. Warepublican watatu tu waliliunga mkono, Wademocrat wanane wakalikataa. Tarehe 13 Februari Seneti, iliyokuwa mikononi mwa Warepublican, ilipitisha la Kaine kwa 55 dhidi ya 45, Warepublican wanane wakivuka mstari. Baraza likaliidhinisha tarehe 11 Machi. Trump alilipiga kura ya turufu tarehe 6 Mei, na kesho yake Seneti ikapata kura 49 tu za kumpinga, mbali na theluthi mbili zinazohitajika.

Katika mabishano yote hayo, kuna nchi ambayo haikuulizwa. Wanajeshi wa Marekani walikuwa Iraq kwa mwaliko, tangu 2014, kupigana na Dola la Kiislamu. Al-Muhandis, aliyekufa ndani ya msafara uleule, alikuwa ofisa wa taasisi inayotambuliwa na sheria ya Iraq. Ni sawa na mgeni kumuua ndugu wa mwenye nyumba sebuleni, kisha watoto wa mgeni huyo wakagombana kwao kama baba yao aliwaaga vizuri kabla ya kutoka. Jina la al-Muhandis halikutajwa sana Washington. Tarehe 5 Januari Waziri Mkuu Adil Abdul-Mahdi aliliambia Bunge la Iraq kwamba alikuwa akutane na Soleimani asubuhi ileile, akimletea majibu ya Iran kwa ujumbe wa Saudi Arabia; Wamarekani waliyakanusha mambo ya safari ya amani. Bunge lilipiga kura kutaka majeshi ya kigeni yaondoke, ingawa wabunge wengi wa Kisunni na Kikurdi hawakuhudhuria. Julai mwaka huo Agnès Callamard, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji nje ya sheria, alitoa ripoti iliyosema kitendo kile kilikiuka sheria ya kimataifa. Marekani ilimkataa.

Siku zilizofuata zilikuwa na vifo ambavyo havikuwa vya jenerali yeyote. Kerman, watu zaidi ya 50 walikanyagana na kufa katika mazishi. Alfajiri ya tarehe 8 Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Ain al-Asad na nyingine Erbil, huko Iraq, walikokuwa wanajeshi wa Marekani. Hakuna aliyekufa, lakini zaidi ya wanajeshi 100 wa Marekani waligunduliwa baadaye kuwa na majeraha ya ubongo. Saa chache baada ya makombora hayo, kikosi cha ulinzi wa anga cha Iran kilichokuwa roho juu kiliitungua ndege ya abiria ya Ukraine iliyokuwa imetoka kuruka Tehran. Watu wote 176 wakafa, wengi wao Wairani, wakiwamo wanafunzi waliokuwa wakirudi vyuoni Kanada. Serikali ya Iran ilikana kwa siku tatu kabla ya kukiri. Hapa Kenya, tarehe 5, al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, wakaua Wamarekani watatu, na mitaani watu wakaanza kuunganisha nukta. Nukta hizo haziungani: al-Shabaab ni kundi la Kisunni lililokula kiapo kwa al-Qaeda, na lina vita vyake lenyewe.

Warepublican waliyatazama hayo wakasema: mnaona, vita vikubwa havikuzuka, Iran imeogopa. Wademocrat wakasema ni bahati. Tarehe 11 Machi, siku ileile Baraza lilipokuwa linapiga kura yake ya mwisho, maroketi yaliipiga kambi ya Taji kaskazini mwa Baghdad, wakafa wanajeshi wawili wa Marekani na mmoja wa Uingereza. Kila upande ulilisoma tukio hilo ulivyotaka.

Miaka mitano baadaye, Juni 2025, Israel iliwaua makamanda wa juu wa Iran kwa usiku mmoja, akiwamo mkuu wa Walinzi wa Mapinduzi Hossein Salami, na siku chache mbele Trump, aliyerudi Ikulu, akayapiga mabomu maeneo ya nyuklia ya Iran bila kura ya Bunge. Tarehe 27 Kaine alilirudisha azimio lake Seneti. Lilianguka kwa 47 dhidi ya 53. Slotkin, ambaye sasa ni seneta, aliliunga mkono. Kati ya Warepublican wanane waliovuka mstari mwaka 2020, saba walikuwa bado ndani ya ukumbi. Aliyelipigia kura ni Rand Paul peke yake. Mike Lee alipiga kura ya kulikataa.